Wenye Baba Wasimame

Jumapili ya tatu ya Juni makanisa mengi ya mjini siku hizi huadhimisha Siku ya Baba. Mwaka jana siku hiyo ilinikuta nimekaa benchi la nne kutoka nyuma, katika kanisa moja hapa Dodoma. Mhubiri alikuwa kijana, pengine amenizidi miaka mitano tu, na alikuwa anajua kuhubiri. Alisema Mungu ni kama baba yako: anakulisha, anakuvisha, anakulipia ada, anakulinda usiku. Kisha akatuomba jambo moja. "Kama baba yako alikulipia ada mpaka ukamaliza shule, simama umshukuru Mungu."

Benchi letu lilikuwa na watu tisa, wengi wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wapya. Walisimama wawili. Dada mmoja aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Mimi nilitoa simu nikajifanya natafuta andiko.

Mhubiri hakuwa na nia mbaya, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na ule mfano. Nimekaa nao mwaka mzima sasa, na naona ni mfano unaorudiwa katika mahubiri mengi, semina za ndoa na jumbe za asubuhi za WhatsApp: mtazame baba yako, mwongeze ukubwa, utampata Mungu. Nataka kuukosoa kama ambavyo tungekosoa sitiari yoyote katika shairi au riwaya. Unabeba nini? Unaacha nini? Na nani anaachwa amekaa kwenye benchi?

Niseme kwanza nilikosimama mimi, au nilikokaa. Jina la baba ninalo. Liko katikati ya jina langu, kama ilivyo kwa Watanzania wengi: la kwanza langu, la pili lake, la tatu la babu. Nimeliandika kwenye fomu za mtihani wa darasa la saba, za kidato cha nne, za mkopo wa chuo, za NIDA. Mwenye jina nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Nililelewa na bibi mzaa mama, kijijini upande wa Mvumi, wakati mama akifanya kazi za ndani mjini na kutuma alichopata.

Sasa turudi kwenye mfano. Kuna jambo la kuchekesha ndani yake. Mwaka 1927, mwaka uleule Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilipoanzishwa ikiwa na makao yake hapa Dodoma, Sigmund Freud alichapisha kule Vienna kitabu kidogo kuhusu dini, akieleza kwamba Mungu ni baba wa utotoni aliyekuzwa mpaka mbinguni, kwa sababu binadamu akiwa mtu mzima bado anaogopa na anataka kulindwa. Wakristo wengi wamekipinga kitabu hicho. Lakini mhubiri wetu anakubaliana na Freud bila kujua. Wote wawili wanamjenga Mungu kwa tofali za baba wa nyumbani. Tofauti ni kwamba mmoja anashangilia jengo na mwingine anataka libomolewe. Na kama Freud ana haki, basi watu saba wa benchi letu hawana tofali.

Lakini baba huyu wa mahubiri ametoka wapi? Tunaambiwa ni baba wa asili, baba wa Kiafrika, baba wa Biblia. Sidhani. Anayelipa ada peke yake, mwenye mke mmoja na watoto wake ndani ya geti, ni baba wa mshahara. Ni mgeni hapa Ugogo, na hata mgeni huyo sasa anaonekana kwa shida.

Wazee wetu walikaa kwenye tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa, iliyozunguka uwanja walimolala ng'ombe. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1969 kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo. Anayekisoma haoni mwanamume mmoja anayembeba mtoto mmoja. Anaona mahari inayokusanywa kwa ndugu wengi na kugawanywa kwa ndugu wengi, upande wa mama ukiwamo. Ng'ombe waliokopeshwa kwa rafiki na jamaa ili ukame wa mahali pamoja usimalize kila kitu. Na watoto ambao haki na wajibu wao viko mikononi mwa watu kadhaa. Kiswahili chenyewe bado kinakumbuka utaratibu wa namna hiyo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa na baba mdogo. Mtu anaweza kusema "nina baba watatu" na hakuna atakayedhani amekosea hesabu.

Sitaki kuipamba tembe. Bibi hakuwahi kuisifu. Alikuwa akisema kwamba kwenye uwanja wa ng'ombe wanaume waliongea na wanawake wakachota maji, na kwamba mzee mwenye ng'ombe wengi alisikilizwa hata akiwa mjinga. Tena familia ile haikuanza kutikisika juzi. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, ilikuja njaa iitwayo Mtunya. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na wengine hawakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, na kaya zilizokuwa zimetapakaa porini zikahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mstari. Kila mara, maana ya kuwa baba ilibidi ijipange upya.

Kisha ukaja mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni baada ya Rais Magufuli kutangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahama kweli ndipo mji ulipofumuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu takriban milioni 2.1 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 3. Watumishi wengi walikuja na sanduku, wakaacha familia Dar es Salaam kwa sababu ya shule za watoto au kazi ya mke. Tangu treni ya SGR ianze safari zake mwaka 2024, Ijumaa jioni stesheni inajaa akina baba wenye begi dogo mgongoni. Jumapili usiku wanarudi. Upande wa pili wa mji, vijana wa Kongwa, Bahi na Chamwino wanatoka vijijini kuja kufyatua tofali na kuendesha bodaboda, na watoto wao wanabaki kwa bibi zao, kama nilivyobaki mimi. Hapo katikati wapo akina dada wanaopanga chumba kimoja, wanaouza maandazi asubuhi na kulipa ada jioni, ambao mtaa unawaita singo maza kwa sauti ambayo haijaamua kama inawahurumia au inawacheka.

Hiyo ndiyo Dodoma iliyokaa kwenye benchi siku ile. Kuiambia "Mungu ni kama baba yako" ni kumpa kila mtu picha tofauti: kwa mmoja Mungu anayekuja Ijumaa, kwa mwingine Mungu anayetuma kwa M-Pesa, kwa mwingine Mungu ambaye jina lake liko kwenye fomu tu.

Upo ushauri wa haraka wa kutatua jambo hili: tumwite Mungu Mama. Nauchukulia kwa uzito. Isaya ana sura zinazomlinganisha Mungu na mama asiyeweza kumsahau anayemnyonyesha. Papa Yohane Paulo I, katika ule mwezi mmoja wa upapa wake mwaka 1978, alisema hadharani kwamba Mungu ni baba na zaidi ya hapo ni mama. Wanateolojia wanawake wa Afrika, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, waliunda umoja wao mwaka 1989, na tangu hapo wamekuwa wakituuliza kwa nini sauti ya kiume peke yake ndiyo inayoonekana kufaa kwa Mungu.

Tena Kiswahili kinatupa nafasi ambayo Kiingereza hakina. "Amekuja" inaweza kuwa ya kaka au ya dada. "Yeye" haina jinsia. Unaweza kuhubiri saa nzima juu ya Mungu kwa Kiswahili, au juu ya Mulungu kwa Kigogo, na sarufi isikulazimishe hata mara moja kumfanya mwanamume. Uzito wote wa uanaume unabebwa na maneno machache tuliyoyachagua, na zito kuliko mengine ni "Baba". Angalia tumelitundika wapi: Baba wa Taifa, Baba Mtakatifu, baba askofu, baba mchungaji, na siku hizi baba wa kiroho mwenye picha yake kwenye kalenda. Nyerere, alipoandika mwaka 1962 juu ya ujamaa kama msingi wa siasa yetu, alichukua familia kuwa mfano wa taifa: wote ni ndugu, wote wanafanya kazi, hakuna anayelala njaa wakati mwenzake ameshiba. Ni mfano mzuri. Lakini katika matumizi ya kila siku, familia ikiwa mfano wa kila kitu, anayekaa kiti cha baba haulizwi maswali. Mtu anaweza kuvumilia mengi kwa sababu tu aliyeyatenda anaitwa baba.

Euphrase Kezilahabi aliiona hatari hii mapema. Riwaya yake *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, wengi tunaikumbuka kwa mambo ya mapenzi tuliyoyasoma kwa kujificha. Nimeirudia mwaka huu kwa sababu nyingine. Zakaria, baba yake Rosa kule Ukerewe, ni mlevi anayelinda heshima ya binti yake kwa fimbo. Barua moja ya mvulana inatosha kuleta kipigo. Rosa anakua akiwa ameogopeshwa badala ya kufundishwa, na alipopata uhuru hakuwa na chochote cha kumwongoza ndani yake. Kisha mwishoni mwandishi anafanya jambo la ujasiri: anavuka kifo na kumsimamisha Rosa mbele ya Mungu, na malezi ya baba yanaingia kwenye kesi. Wapo wasomaji wanaoona sehemu hiyo kama kiraka. Mimi naona ndiyo moyo wa kitabu. Kezilahabi amekataa kumweka Zakaria na Mungu kwenye kiti kimoja. Mungu akiwa ni Zakaria aliyekuzwa, Rosa hana mahali pa kupeleka shauri lake.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka kubadilisha neno tu. Nikisema Mungu ni Mama kwa sababu mama ndiye aliyelipa ada, nimerudia kosa la mhubiri kwa kubadilisha mlipaji. Nimewabebesha akina mama wa mji huu, ambao tayari wamebeba ndoo, mtoto na kodi ya chumba, mzigo mwingine wa kufanana na Mungu. Yupo pia rafiki yangu ambaye mama yake ndiye aliyeondoka. Yeye asimame lini?

Nadhani kosa liko kwenye mwelekeo wa mfano, na Injili zenyewe zinaukosoa mwelekeo huo kuliko ninavyoweza mimi. Chukua Luka sura ya 15, hadithi ya mwana mpotevu ambayo ndiyo mahubiri ya Siku ya Baba karibu kila mwaka. Nilipokuwa mdogo bibi aliisimulia mara nyingi, na kila mara alisimama palepale kushangaa. Mtoto anadai urithi baba akiwa hai, na baba anagawa. Kwa mfugaji hiyo ni sawa na kukubali kuzikwa mzima. Kisha mzee mwenye mali anamwona kijana kwa mbali, anakimbia. "Mzee anakimbia, baba," bibi alikuwa akisema, "mbele ya watumishi wake!" Halafu mkubwa ananuna nje, na mzee huyohuyo anaacha wageni anatoka kumbembeleza. Mara tatu mzee anashusha heshima yake. Hadithi hii haisemi kwamba Mungu ni kama baba unayemfahamu. Inawaonyesha akina baba waliokuwa wakisikiliza mtu ambaye hawajawahi kuwa, na nadhani waliokaa mbele walikasirika.

Kuna jingine katika sura hiyohiyo, ambalo sijasikia likihubiriwa Siku ya Baba. Yesu anatoa mifano mitatu mfululizo: mchungaji aliyepoteza kondoo, mwanamke aliyepoteza sarafu, na baba aliyepoteza mwana. Wa katikati ni mwanamke. Anawasha taa, anafagia nyumba, anatafuta mpaka anaona, anaita majirani wafurahi. Ana nafasi sawa na yule baba katika hoja ya Yesu. Hatuhitaji kuongeza ukurasa kwenye Biblia ili kumpata. Tunahitaji kuacha kumruka.

Na waliofundishwa Sala ya Bwana ni akina nani? Mathayo anasimulia kwamba Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo ndani ya mashua wakaondoka. Sura chache mbele wanafundishwa kusema "Baba yetu", na mbele zaidi wanaambiwa wasimwite mtu yeyote duniani baba, kwa kuwa wanaye mmoja. Wazo hili limenikaa. Neno lile limechukuliwa kutoka kwa wanaume, akina Zebedayo na akina Zakaria, na baba askofu pia, likawekwa mahali ambapo hakuna anayeweza kulitumia kama fimbo. Baba wa duniani hapewi sifa ya kufanana na Mungu. Anapewa kipimo, na wengi wetu tutakipungukia.

Tena limewekwa kwenye wingi. Sala haisemi "baba yangu". Nilipokuwa nikiisali kijijini, kando ya watoto wenye baba nyumbani, sikupewa neno la pembeni la mayatima. Nilipewa lilelile lao, na ile "yetu" ilikuwa pana vya kutosha.

Lakini kilichonifundisha neno hilo kabla ya kanisa ni bibi. Mzungumzaji wa Kiswahili atanielewa mara moja. Bibi aliniita "baba". "Baba, njoo ule." "Baba, mbuzi wametoka." Ndivyo bibi na mama zetu wanavyowaita watoto wa kiume wanaowapenda, yawezekana hata leo kuna mtu anakuita hivyo kwenye simu. Kwa hiyo mara ya kwanza nililisikia neno hilo halikuwa na maana ya mwanamume aliyeondoka. Lilikuwa ni wito, na nyuma yake kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda. Halikunieleza mtu alivyo. Lilinijulisha kwamba kuna anayenitaka karibu.

Nafikiri hapo ndipo neno lile linapofanya kazi katika sala: ni neno la kuita kabla ya kuwa neno la kueleza. Anayeita hahitaji kuwa na picha tayari. Mhubiri alituomba tutoe picha, na watu saba hatukuwa nayo. Angetuomba tuite, pengine wote tungesimama.

Nafundisha Shule ya Jumapili. Wiki chache baada ya ibada ile, mtoto wa miaka kama minane alinifuata mlangoni wakati wenzake wanakimbilia juisi. Akaniuliza, "Mwalimu, baba yangu hapokei simu. Mungu naye anapokea?" Nilikuwa na Luka 15 kichwani, na Freud, na Kezilahabi, na hakuna hata mmoja aliyenisaidia. Nilimwambia ndiyo, anapokea. Kisha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo zaidi: kwamba baba yake kutopokea simu si kosa lake yeye. Alinitazama kwa muda, akaenda kuchukua juisi. Sijui kama jibu langu lilimtosha.

Yule mwenye jina langu la kati sasa anaumwa sukari. Anaishi Dar es Salaam, na mara mbili kwa mwezi ananibipu, nami nampigia. Namtumia hela ya dawa. Siku ya kwanza alishukuru sana, na katika kushukuru akaniita "baba". Nilinyamaza, kwa sababu lile lilikuwa neno la bibi, na bibi amelala Mvumi. Bado sijajua kama ninamtunza kwa upendo, kwa woga wa Mungu, au kwa sababu nimechoka kuandika kwenye fomu jina la mtu nisiyemjua. Ninachojua ni kwamba akipiga, napokea.